Mkwe Wangu Alinyamaza Nilipomwita Mwizi wa Lenzi

Mwenye ukurasa, jina langu likae huko huko kwako, na maneno yangu usiyanyooshe. Mimi ni mzee wa Bagamoyo, mji mkongwe. Miaka yangu sikuiandika popote, lakini Mdachi alipoondoka nilikuwa na ndevu. Skuli sikuingia, chuoni nilisoma juzuu chache, na hati hii nimejifundisha kwa kuandika majina ya watu nyuma ya picha. Maana mimi ni mpiga picha. Toka Pangani mpaka Mbweni hakuna aliyenifikia. Mabwana harusi wa pwani hii wamenyooshwa shingo kwa mkono wangu huu.

Nina mke, nina binti mmoja, na nilikuwa na mkwe. Huyo mkwe sikumpenda tangu siku ya posa. Ni mtu wa Saadani, kwao wanakausha samaki, yeye akapata ukarani melini akajiona. Ana adabu, wakasema wanawake. Adabu gani? Mbele yangu hasemi ila "Naam, baba," na kutazama mkeka.

Shida yangu ilikuwa vichochoro. Mtu ana harusi, anataka ukoo mzima kwenye picha moja mbele ya mlango wake, na njia yenyewe hatua sita. Narudi nyuma mpaka mgongo unagota ukuta wa jirani, na bado shangazi mmoja anabaki nje, kisha ndiye wa kwanza kuja kunilaumu. Nikasikia kuna lenzi pana, unasimama karibu na inakusanya watu wote. Nikamwagiza mkwe, maana meli yake hufika Mombasa. Akaniletea, mpya, ndani ya mkoba wake wa ngozi.

Nikaikagua kama ninavyokagua mimi. Ndani ya lenzi mna vibati vyembamba vimelaliana kama magamba ya samaki. Ukizungusha pete vinafunga na kufungua kitundu cha kupitisha mwanga. Kitundu lazima kiwe duara, pasiwe na kibati kinachochungulia kuliko mwenzake. Siku ile kilikuwa duara safi. Ila pete niliiona kavu. Basi nikafanya ninavyofanya kwa kufuli: nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Ikateleza vizuri. Nikaiweka juu ya kabati.

Wiki ya pili nikaitoa barazani niwaonyeshe wenzangu. Nikaielekeza ukuta mweupe wenye jua, nikazungusha pete. Loo! Kibati kimoja kimenata, kingine kimebaki nyuma, kitundu kimepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino. Jirani yangu akachungulia, akasema, "Mzee, labda jicho."

"Jicho la nani?" nikamwambia. "Jicho hili lilikupiga picha ya posa ukaonekana mzuri, na mzuri si wewe!"

Wakacheka, lakini mimi aibu imenipanda. Mkwe alikuwa amekuja kutusalimu, kakaa pembeni. Nikamgeukia mbele ya watu wote. "Wewe! Mpya umeiuza huko Mombasa, mimi ukaniokotea kuukuu. Mwizi we!"

Hakusema kitu. Sasa nyinyi wa pwani mnajua, mkwe hamjibu baba mkwe hata akimwagiwa uji wa moto. Na mimi nilijua. Wallahi nilijua hana ruhusa ya kunijibu, ndiyo maana nilizidi. "Mnaona? Kimya! Angekuwa na haki si angesema?"

Siku hiyo hiyo nikamtwaa binti yangu, na mimba yake ya miezi sita, nikamrudisha kwangu. Tena nikatangaza nitasomesha albadiri, ile dua ya kumwapiza dhalimu, imshukie aliyeiharibu lenzi yangu na kusema uongo.

Akaja mjomba wa mkwe kutoka Saadani, mfupi, mkali. Hakukaa hata kitako. "Mwanetu anasema isomwe. Nasi tunasema isomwe, na ubani tutaleta wa kwetu."

Mama watoto akamwambia, "Karibu kahawa, shemeji."

"Hatunywi. Tukinywa mtatuhesabia vikombe."

Basi juzi nikaichukua lenzi niuchunguze ubovu wake vizuri, nipate la kusema siku ya dua. Nikachovya unyoya wa kuku kwenye petroli, nikafuta vile vibati. Unyoya ukatoka na mafuta. Mafuta yangu, na harufu yake ya cherehani. Nikafuta tena, nikaacha pakauke, nikazungusha. Duara. Nikazungusha mara ishirini. Duara. Nikakaa chini pale pale.

Mama watoto alikuwa mlangoni. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Wewe ukikosea kibla utasema Makka imehama," akaenda zake jikoni.

Mwezi ukiandama albadiri inasomwa. Mwalimu ameshaambiwa, watu wa Saadani wanajiandaa. Ikisomwa, mnajua itamtafuta nani. Mimi hainitishi, nimeishi. Lakini dua haichagui, na nyumba hii analala binti yangu pia, na huyo aliyemo tumboni. Nikiifuta dua, watasema mzee kaogopa, na barazani nitaitwa Mzee Mafuta mpaka nizikwe. Mimi niliyewapiga picha baba zao! Na binti hanisemeshi. Asubuhi ni "Shikamoo baba," naitikia "Marahaba," basi, mpaka kesho yake.

Haya, nyinyi msomao, nishaurini. Atakayeniambia nikamwombe radhi mkwe wangu asipoteze wino, hilo ninalijua tangu unyoya ulipotoka na mafuta. Nipeni lingine. Na kama lingine hamna, basi niambieni mtu wa umri wangu anaanzaje. Akishapiga hodi kwa mkwe, na mkwe akaja kufungua mlango, neno la kwanza anasema lipi?