Suruali Arobaini, Miguu Yote ya Kushoto

Saa tatu asubuhi, karakana ya ushonaji imeshachangamka. Cherehani sita zinapiga kelele kwa pamoja. Kwenye kona, karibu na meza ya pasi, mzee mwenye miwani anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Anakosa tundu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano.

Wenzake wanamwita Mkasi. Kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyekata kila nguo iliyotoka humu. Leo, akiwa na miaka hamsini na tisa, anashona vifungo.

"Mkasi, godoro limekukosea nini?" fundi aliye jirani anamtania anapomwona akipiga miayo. Wote wanacheka. Naye anacheka, kisha anavua miwani na kufuta macho.

Kilichomwondoa kwenye meza ya kukatia ni sare za shule, suruali arobaini. Kitambaa chake kilikuwa na upande wa nje na wa ndani, hivyo ukishakata miguu ya kushoto lazima ugeuze pateni, ile karatasi ya kufuatishia, ndipo ukate ya kulia. Siku hiyo hakugeuza. Alikata, akafunga mafungu vizuri, akayapeleka kwa mafundi. Walipoanza kuunganisha wakakuta miguu themanini, yote ya kushoto.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

Mwenye karakana, mama wa makamo, hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nilimwambia, mzee wangu, weka mkasi chini kwanza, upumzike," anasimulia mama huyo. "Ningemfukuzaje? Ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Lakini hasara ile niliibeba mimi."

Malipo ya Mkasi sasa ni nusu ya yale ya zamani. Si hayo anayoyalilia.

Siku ya kosa lile, alikuwa ametimiza miezi saba bila usingizi wa maana, tangu alipomzika mkewe. Kiharusi kilikuwa kimemlaza marehemu kitandani miaka minne. Hakuweza kujigeuza, kwa hiyo mumewe alimgeuza kila baada ya saa mbili. Alitegesha kengele kwenye simu: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Majirani walikuja na pole zao, wakaishia mlangoni. Inasikitisha jinsi tulivyo hodari wa pole.

"Miaka minne, na hakupata hata kidonda kimoja," anasema Mkasi, na kwa mara ya kwanza ananyanyua kichwa.

Binti yake, aliyeolewa mbali, humpigia simu kila siku.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Jana ulilala?"

"Nililala fofofo."

Uongo mtupu, na binti anajua.

Ni binti huyo aliyembembeleza mpaka akaenda zahanati. "Alitaka vidonge vya usingizi tu," anasema muuguzi aliyempokea. "Nikamuuliza, baba, nyumbani unaishi na nani? Akalia mpaka nikafunga mlango. Nikamwambia, shida yako si usingizi. Una majonzi, na uko peke yako nayo."

Muuguzi akaomba kuiona simu. Kumbe kengele zote nne zilikuwa bado zinalia kila usiku.

Sasa Mkasi huenda zahanati kila Alhamisi, wanazungumza. Kengele tatu ameshazifuta, na usiku mwingine hulala kwa muda wa saa nne mfululizo. Mwenye karakana amemwahidi kwamba akikata suruali kumi za majaribio bila kosa, atamrudishia meza yake kabla shule hazijafunguliwa. Dada yake Mkasi, ambaye ni mjane, naye amekubali kuhamia kwake mwezi ujao.

Imebaki kengele ya saa kumi. Anasema ataifuta Jumapili. Jumapili iliyopita alisema hivyohivyo.

"Mkasi wangu nautaka sana," ananiambia, kidole kikiwa juu ya simu. "Lakini mwanangu, siku nitakayolala mpaka kuche, ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba hakuna tena wa kumgeuza."