Makawa ya Bi Jalila

Kalenda zilikuwa wazo la Najib, na Najib mawazo hakosi. Anachokosa ni breki.

"Dada, mama alikuwa akijulikana," alimwambia Swabra. "Wewe wakujua nani? Mimi na paka."

Swabra alicheka, lakini neno lilimchoma. Mama yao, Bi Jalila, ndiye aliyekuwa akipikia mtaa mzima wa Bofu, huku Likoni, pilau ya harusi, akika na matanga. Tangu afariki, masufuria makubwa yamelala kifudifudi uani na simu hailii. Juzi tu, harusi ya nyumba ya pili ilipikiwa na watu waliokuja na gari lao kutoka kisiwani, ng'ambo ya feri. Swabra, aliyeshika mwiko tangu hajaota meno ya ukubwa, akakaa nyuma ya ukuta akinusa pilau ya wenyewe. (Karafuu zilizidi. Hakumwambia mtu.) Alikuwa ameshajiapia: Ramadhani ikiingia hali ni hii, atayauza masufuria akaajiriwe jikoni kwa watu.

Basi wakakaa kuchagua cha kuwagawia watu. Fulana? Fulana za bure Likoni mwisho wake ni kufutia pikipiki. Kofia? Wateja wa mama ni kina mama wa buibui, kofia wazivae wapi? Kalamu hupotea kabla wino haujakauka. Kalenda lakini hukaa ukutani mwaka mzima, bwana! Najib akaichora kwenye simu: picha ya sufuria, KARAMU ZA JALILA juu, kwa jina la mama, nambari ya simu katikati, na chini kwa herufi nyekundu: HARUSI, AKIKA, MATANGA, AROBAINI. TUITE WAKATI WOWOTE. Akazipeleka mlango kwa mlango, kifua mbele.

Wa kwanza kuirudisha ni jirani yao, Mzee Rashid. Alikuja nayo imekunjwa kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Swabra, nakupenda, wallahi. Lakini mimi nina presha. Kila nikifungua macho nisome MATANGA, TUITE WAKATI WOWOTE? Una haraka gani na mimi?"

Jioni ikawa zamu ya grupu la mtaa. Mtu kapiga picha kalenda na kuandika: "Jamani, Karamu za Jalila washanipangia tarehe, na mimi bado sijajiandaa." Mwengine: "Yangu nimeigeuza, inatazama ukuta. Matanga iyaone yenyewe." Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Najib, ambaye kwa kawaida ndiye mfalme wa kuwachamba watu humo, siku hiyo aliiweka simu kifudifudi. Hapo ndipo utajua mambo yameharibika.

Swabra alizibeba kalenda zilizobaki akazifiche stoo. Na huko stoo ndiko alikoyaona makawa.

Makawa ya ukindu, ya kufunikia chakula, yamepandana hadi karibu na dari, yote na ukingo mwekundu na mweusi ambao mama aliagiza makusudi kwa msusi wake. Kila baada ya shughuli, Bi Jalila alikuwa akijaza sahani na kuwapelekea waliokosa kuja: mgonjwa, mzazi aliyetoka kujifungua, mtu wa eda. Sahani na kawa lake havirudi leo wala kesho, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mpaka nawe upate cha kutia. Kawa litakaa mezani kwa watu miezi. Likirudi, limerudi na vitumbua na habari: "Bi Jalila, binti yangu kaposwa."

"Mama, vyombo vyetu vyote viko kwa watu!" Swabra alikuwa akilalamika.

"Viache. Viko kazini."

Matanga ya mama, makawa yote yalirudi. Kila nyumba ilileta lake, na tende, na sukari, na machozi. Swabra aliona ni wema, na ulikuwa wema kweli. Akayaosha, akayapanga. Sasa, amekaa juu ya gunia la makaa, ndio akaelewa: Bofu nzima hakuna nyumba iliyobaki na chombo cha mama. Watu walikuwa wameaga. Akalia, na si kwa ajili ya biashara.

Asubuhi alipika mahamri na mbaazi za nazi. Alijua pa kupeleka. Bi Mwanasaumu, shoga wa mama yake, alikuwa amefiwa na mume, na msiba ule pia ulipikiwa na watu wa kisiwani. Swabra alikwenda kumpa pole mara moja, akanuna, hakurudi tena.

Najib alimkuta mlangoni na sahani, kawa juu yake. "Hii sasa ni sadaka au ni tangazo?"

Swabra alisimama. "Sijui, Najib."

Bi Mwanasaumu alikuwa mkekani, na nguo zake nyeupe za eda. Aliliona kawa kabla hajamwona aliyelibeba. Akaupapasa ukingo.

"Moja kama hili lilikaa kwangu tangu mwanangu alipougua," alisema taratibu. "Siku niliyolirudisha, niliona kama namzika mamako mara ya pili."

Swabra alikuwa amelipanga neno la kazi njia nzima. Halikutoka. Wakakaa wakiwataja marehemu wao, wakacheka kidogo, wakalia kidogo. Aliporudi nyumbani mikono ilikuwa mitupu, na kazi hakuitaja.

Zikapita siku. Kisha binti mkubwa wa Bi Mwanasaumu akapiga hodi, kawa mkononi. Najib akalifunua. Ndani, mchele mbichi.

"Ndio nini hii? Tuutafune hivi hivi?"

"Mama asema Da Swabra autazame kama wafaa kwa pilau," alijibu yule binti. "Ni arobaini ya baba. Na asema umsamehe kwa siku zile za msiba. Hakujua ni nani aliyebaki jikoni kwenu."

Swabra alitia punje mdomoni, akaitafuna polepole. "Mwambie wafaa."

Siku ya arobaini aliliinua sufuria la mama uani. Najib aliwasha moto kwa kalenda, moja baada ya nyingine, bila mzaha hata mmoja. Lakini kila moja, kabla ya kuitia, aliikata kwanza kile kipande cha juu chenye jina la mama yake.