Mzigo Ushuke Kiunoni

Daktari alimwonyesha wifi yangu picha ya eksirei ya shingo yake, akamweleza kuwa pingili mbili zimesagika, na kwamba kuanzia siku hiyo ndoo, kuni na gunia la pamba visikae tena kichwani mwake. Wifi aliitazama ile picha. Akauliza, "Sasa nitabebea wapi?" Daktari akaandika dawa.

Huyu wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Anaishi Ngulyati, analima pamba na mahindi, na ana ng'ombe wanaochungwa na wanawe. Mimi naishi Bariadi mjini, nafanya kazi masijala katika ofisi ya serikali. Mume wangu alipofariki watu walitarajia tutaachana taratibu, kila mmoja ashike njia yake. Haikuwa hivyo. Jumapili nyingi nilipanda bodaboda kwenda kwake, tukapika, tukala pamoja.

Wakati amelazwa kwa ajili ya shingo hiyo, kule Kalemela, penye uvuvi wa dagaa, alifariki mume wa shangazi yake. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Wifi hakwenda kuzika, na hakuna aliyemlaumu, maana alikuwa kitandani na shingo imefungwa. Lakini alipopata nafuu alisema atakwenda kutoa pole, na atakwenda kwa miguu.

"Basi lipo," nikamwambia. "Ukiondoka asubuhi, mchana uko kwa shangazi."

"Ndiyo maana silitaki. Kwenye basi nitafika kabla sijajua cha kumwambia."

Njia aliijua. Katika usichana wake aliikanyaga kila kiangazi na wanawake wa ukoo wao, wakienda na michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na kurudi na dagaa. Vyote kichwani, juu ya ngata. Sikuona faida ya kubishana naye. Niliomba likizo ili asiende peke yake.

Likabaki suala la begi. Kwanza alichukua begi la shule la mjukuu wake, akalijaza nguo na unga, akaja nalo kwa miguu hadi kwangu kama jaribio. Alipofika mlangoni alikuwa amenyoosha kichwa mbele kama kobe. Mikanda ilikuwa myembamba, imemkata mabega, na mzigo ulikuwa ukimvuta nyuma njia nzima, hivyo shingo ndiyo iliyokuwa ikipambana. Jioni ile hakuweza kugeuka kumwangalia mtu aliyekaa pembeni yake. Alijigeuza mwili mzima.

Nikaanza kusoma kwenye simu saa za chakula cha mchana. Watu wanaopanda milima wameandika mengi, na mengi yao yanahusu hema na majiko. Nilichokitafuta kilikuwa kidogo tu: mzigo unaweza kushuka kutoka mabegani ukakaa kiunoni. Ili ushuke, begi liwe na vyuma au vibao vya plastiki ndani, upande wa mgongo, vinavyolisimamisha kama mbavu, na liwe na mkanda mpana wenye sponji ngumu unaokumbatia mifupa ya nyonga. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia begi lisianguke nyuma. Jambo lingine lilikuwa urefu wa mgongo. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi, na begi halichaguliwi kwa kimo chake. Nilimpima wifi kwa futi ya ushonaji, kuanzia ule mfupa unaotokeza chini ya shingo hadi usawa wa nyonga, nikapiga picha kwa simu nisisahau kipimo. Mgongo wake ulikuwa mfupi, urefu wote uko miguuni.

Sokoni Bariadi kuna mfanyabiashara wa mitumba, mtu wa Kondoa, kanzu yake safi siku zote ingawa anashinda kwenye vumbi la mabelo, yale marobota ya nguo. Alituambia mashanta ya kubebea mgongoni yapo, na yote ni orijino.

"Tunataka lenye vyuma ndani," nikasema.

"Vyuma vya nini tena, mama? Hili hapa limebeba mzungu mpaka kileleni."

Nilikwenda duka la jirani nikaazima mchele uliofungwa kwenye mifuko, kwa ahadi ya kuurudisha wote, maana begi tupu hukaa vizuri kwa kila mtu. La kwanza lilikuwa la rangi ya kijeshi, limeshonwa kwa uzi mnene, kitambaa chake kama turubai. Kwa uimara halikuwa na mfano. Wifi alipolivaa, mkanda wa kiunoni ulimfika kwenye makalio na vyuma vikamsukuma kisogoni. La pili lilikuwa na mkanda wa kiuno, lakini ulikuwa utepe tu wa kufungia.

Watu wakaanza kusimama kutazama. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Mama unakwenda jeshini?"

"Nakwenda kwenye matanga," wifi akajibu. Yule kijana akaomba radhi, akaondoka.

La tatu lilikuwa la bluu iliyopauka, na zipu ya mfuko wa juu imekufa. Nilibinya sponji ya mkanda, ikarudi. Nilivuta mishono ya mahali mikanda inapoungana na begi, kwa nguvu zangu zote, haikulia. Ndani kulikuwa na mbavu mbili za aluminiamu zilizochomekwa kwenye mifuko yake. Nikazichomoa, nikazipinda kidogo kwa goti, nikazilinganisha na mgongo wa wifi, nikazirudisha. Tukatia mchele. Nilimfunga mkanda wa kiuno kwanza, nikaukaza, kisha mikanda ya mabegani, nikailegeza hadi kidole changu kikapita chini yake.

Wifi akatembea hadi kwa wauza nyanya, akarudi. Akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia.

"Umeenda wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mzigo."

Tukalinunua. Fundi cherehani alibadilisha zipu siku hiyohiyo.

Tuliondoka Ngulyati alfajiri baada ya mavuno ya pamba, mashamba yamebaki mabua. Mimi nilibeba begi langu la kawaida, maana shingo yangu haina neno. Siku ya kwanza tatizo halikuwa begi, lilikuwa khanga. Fundo lake lilikaa chini ya mkanda likamchubua kiunoni, mpaka akaingia nyuma ya kichaka akavaa gauni. Baada ya hapo alikwenda vizuri. Alitangulia, mimi nyuma, na saa nyingine nilimwona midomo ikicheza. Sikumuuliza.

Siku ya pili, katika kijiji kimoja chenye ng'ombe wengi, wanaume watatu walitusimamisha kwenye njia ya kupeleka mifugo majini. Mmoja alikuwa na fimbo ameiweka mabegani kama nira.

"Mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa. Tunakwenda Kalemela," nikasema kwa Kiswahili changu cha ofisini, na nadhani nilikosea hapo.

"Waliokuja na mabegi kama hilo walipanda vigingi kwenye malisho yetu. Wakasema wanapima tu." Akanyoosha mkono. "Lete simu."

Nikampa. Alizipitia picha moja moja. Akaona harusi, akaona mahindi yangu, akaona mgongo wa wifi na futi ya kupimia. Hapo akasimama.

"Hii mlikuwa mnapima nini?"

Kabla sijajibu, wifi alifungua mkanda wa kiuno, akateremsha begi chini na kusema, "Mwadila, bhabha." Hiyo ndiyo salamu ya mchana, na bhabha ni baba. Akapiga goti. Akaendelea kwa Kisukuma: jina la ukoo wao, mahali babu yake alipokuwa akinyweshea ng'ombe, matanga anayoyaendea na sababu ya kuchelewa. Akatoa vitu kimoja kimoja na kuviweka kwenye nyasi: blanketi, unga, michembe, dawa zake, na mwishoni picha ya shingo yake iliyokunjwa. Ile picha mwenye fimbo aliinyanyua kuelekea jua, akaitazama kwa makini kuliko alivyotazama simu yangu.

"Pole, mayu," akasema. Mayu ni mama.

Tulilala kwake. Mkewe alilivaa lile begi, akazunguka nalo uani, watoto wakimfuata. Asubuhi mumewe alitusindikiza hadi mwisho wa malisho na hakuongea tena habari za vigingi, ila tulivipita, vimepakwa rangi nyekundu, na baadhi vilikuwa vimeng'olewa.

Siku ya mwisho shingo ya wifi iliuma. Begi zuri halikuponya kilichosagika, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini limeponya. Tulikaa chini. Nilihamishia unga na michembe kwangu, yeye akabaki na blanketi na dawa. Tulitembea polepole, tukipumzika kila penye kivuli, mpaka harufu ya dagaa ilipoanza kutufikia.

Shangazi alikuwa ameketi mlangoni. Ni mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka. Aliinuka kwa kushika ukuta, akamkumbatia wifi, lakini mikono yake haikuweza kulizunguka begi. Ikabaki imeshika mikanda ya mabegani, na wote wawili wakalia hivyo, begi likitikisika. Niliwazunguka, nikapitisha mikono mbele ya kiuno cha wifi, nikafungua mkanda na kulivuta begi. Begi lilipomtoka, wifi aliyumba kidogo, shangazi akamshikilia.

Maneno aliyoyatengeneza njia nzima sikuyasikia. Baadaye aliniambia hakuyatumia. Shangazi ndiye aliyezungumza, alimsimulia ugonjwa wa mzee tangu mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza.

Kesho yake niliwaacha wakichambua dagaa kwenye ungo, nikapanda basi, likizo yangu ilikuwa inakwisha. Wifi alikaa huko hadi mvua za kwanza, akarudi kwa lori la mtoto wa jirani yao.

Sasa begi liko Ngulyati, limening'inia kwenye msumari ndani ya nyumba yake, na halikai hapo siku nyingi. Huliazima mwanamke mmoja wa jirani mwenye ujauzito anapokwenda mashineni kusaga, huliazima mwingine anapokwenda mnadani. Wote wamefundishwa kufunga mkanda wa kiuno kwanza. Juzi ubavu mmoja wa aluminiamu ulitoboa kitambaa, wifi akanipigia simu kuuliza kama yule mtu wa Kondoa amefungua belo jipya. Nilipita sokoni baada ya kazi. Alikuwa amefungua, lakini belo zima lilikuwa mapazia.