Buti la Zipu

Siku yangu ya kwanza katika bohari ya polisi, Wete, nilipewa kazi ya kunusa. Mkuu wa Bohari, Stesheni Sajenti mmoja wa Kiuyu asiye na maneno mengi, alifungua marobota ya sare akaniambia ninuse nguo moja moja. Yenye harufu ya ukungu niiweke kando, kwa kuwa uzi ulioanza kuoza huachia pale pale askari anaporuka ukuta. Nilidhani ananitania, kumbe hakuwa mtu wa utani.

Kwake nilijifunza kwamba nguo ya askari haichaguliwi kwa macho. Kombati, yaani suruali na shati la kazi nzito, tuliivuta mishono ya mapajani kabla ya kutazama rangi. Koti la mvua tulilimwagia ndoo ya maji. Sisi askari wa kike tulijishonea hijabu zenye mpira kisogoni, maana za pini mtu akikuvuta kichwa pini inaingia shingoni. Wenzetu wa doria walitucheka, wakatuita mafundi cherehani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuipenda kazi, sikuwajali.

Nilipohamishiwa Chake Chake kushika bohari ya huko, sasa nikiwa Sajenti, nilimkuta Kamanda aliyetoka bara, mtu nadhifu, apendaye kila kitu king'ae. Wakati wake tuliletewa buti refu la ngozi nene, lenye ncha ya chuma ya kulinda vidole na kamba zilizopanda mpaka katikati ya muundi. Kwa miba na mawe lilikuwa buti zuri, siwezi kulisingizia.

Asubuhi moja Koplo Khatibu, askari wetu wa doria, aliitwa kijijini Vitongoji, kwenye nyumba ambamo kijana alikuwa akimpiga mama yake. Koplo alifika mbio, akasikia mayowe ndani, na pale mlangoni akainama kufungua kamba za buti. Anayetushangaa hajalelewa kwetu. Hapa Pemba mtoto huvua viatu mlangoni kabla hajajua kusema hodi. Khatibu alikuwa amevua kimoja tu pale kijana alipotoka na panga. Akakinga kwa mkono wa kulia. Askari aliyekuwa naye alimdhibiti kijana, na mama akasalimika, lakini vidole vya Khatibu havikukunjika tena.

Nilikwenda kumtazama hospitali, nikamuuliza ilikuwaje.

"Wala sikuwaza, Bi Mwajuma," alisema. "Nliona mkeka tu, mikono ikenda yenyewe."

Kamanda alikasirika. Akaamuru askari aliye kwenye tukio asivue viatu kamwe, na hilo lilikuwa sawa. Kisha akaongeza kwamba asiyeweza kufunga buti lake hafai doria, na Khatibu aandaliwe kuondoka kazini. Hilo liliniuma. Koplo wa watu alikuwa hajui kazi nyingine wala haitaki.

Nikatafuta buti fupi zaidi, la soli nene, lenye ncha ya chuma ile ile na zipu upande wa ndani, iliyofunikwa kwa ngozi isinase majani. Kamba zake hukazwa mara moja tu, baada ya hapo ni zipu, na mkono mmoja unatosha. Kamanda alilishika kwa ncha za vidole. Akasema zipu ni ya viatu vya shule, itakatika. Sikubishana naye. Nilimkumbusha tu kwamba hajampa pole yule mama wa Vitongoji.

Tulikwenda Ijumaa, baada ya sala. Mama wa watu alitoka na kanga yake, akaona buti za Kamanda zinavyong'aa.

"Pita na viatu vyako, baba," akamwambia. "Weye mgeni."

Kamanda aliutazama mkeka. Alikaa barazani akaanza kufungua kamba, tundu baada ya tundu, sisi tumesimama tunamngoja na chai inapoa. Wakati wa kuondoka alikaa tena kuzifunga. Hakuniangalia.

"Hata mimi nimevua, Sajenti," alisema. Akamaliza fundo. "Lete hilo la zipu."

Khatibu akabaki doria mpaka alipopata usajenti. Zipu zilikatika, ndiyo, chache, tukazishona upya. Vijana mnaoshika bohari leo mnachagua kwa picha za simuni, na simlaumu mtu. Lakini kabla hamjalipitisha vazi, mvisheni anayelivaa, kisha mpelekeni mpaka mlangoni kwa watu mkamtazame.

Wiki niliyostaafu nilikuwa jikoni nyumbani nikasikia hodi. Nilichungulia, nikamwona Khatibu anavuta zipu kwa mkono wa kushoto, buti hili kisha lile, ule wa kulia umetulia pajani. Furaha na huzuni vilinijia pamoja. Nikafuta mikono nikamkaribishe, lakini alikuwa keshaingia, na buti zimebaki mlangoni.