Mgongo wa Mfarishi

Mwanangu, katika mji huu hakuna kitu cha kunishtua. Nimeona mafuriko ya Jangwani yakipita na kabati la mtu, vyombo vyake ndani. Nimetoka kubeba magunia sokoni Kariakoo, na darasa langu la nne, mpaka kuwa na duka langu mwenyewe la magodoro. Nani mwingine mtaani kwetu kafanya hivyo? Basi. Lakini iko asubuhi moja naikumbuka, bibi mmoja mfupi alinishtua, na mpaka leo nikishika sindano nacheka peke yangu.

Maana starehe yangu tangu ujana ni kushona mifarishi ya viraka. Wenzangu walipenda mpira na dansi. Mimi nilipita kwenye baraza za mafundi nikiokota vipande vilivyoanguka chini ya cherehani: vitenge, khanga, hata suruali za maofisa wa Posta. Napanga rangi, naunga, katikati natia sufi. Ilikuwa miaka ya foleni. Duka la ushirika likileta kitambaa watu wanakanyagana, kwa hiyo kipande kwangu kilikuwa mali.

"Cherehani ndiyo ya mwanaume," fundi Salehe alikuwa akinitania. "Sindano ya mkono na viraka mwachie bibi yako. Utajifungua lini wewe?"

"Nikijifungua utakuja kuniomba cha kumfunika wako," nikamjibu. Na alikuja kweli, lakini hayo ni baadaye.

Nilipomposa Zuhura, nilitangaza mtaa mzima kwamba kitanda changu hakitaona blanketi la dukani. Sasa kwao, mwanangu, kitanda cha harusi hukaguliwa na somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda. Akikikataa, bibi harusi hatoki. Somo wa Zuhura alikuwa Bi Tatu. Alikuja Jumatano, ndoa ni Ijumaa.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikautandaza mfarishi barazani ili na wapita njia waone. Ee bwana! Nyekundu, njano, bluu, kama bustani. Wanawake aliokuja nao wakapiga vigelegele, mimi kifua mbele. Bi Tatu hakupiga. Akaugeuza. Kule nyuma nilikuwa nimeweka magunia ya unga, maana kitambaa cha bitana hakikupatikana, na nilijiambia nani atatazama nyuma?

"Lete shavu, baba."

"Shavu la nini tena, Bi Tatu?"

"Lete, usiniulize."

Akanisugua nao. Nilijiona kama nanyolewa bila maji. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Mbele umewashonea hawa wenye vigelegele. Nyuma ndiko kutakakomgusa mwanangu kila siku. Ijumaa nakuja tena. Nikiukuta hivi, simtoi."

Nilikuwa na fedha ya suti ya harusi. Nikaichukua, nikazunguka Kariakoo yote, nikaipata bafta, kile kitambaa cheupe laini cha pamba, Upanga, kwa mzee mmoja wa Kihindi.

"Hii siuzi," akasema. "Namwekea binti yangu anayeolewa."

"Na mimi namtafutia mke wangu."

Akanitazama, akacheka, akaikata katikati.

Kazi ya kufumua na kushona upya ilinishinda peke yangu. Aliyenisaidia ni nani? Salehe! Kakaa barazani na sindano ya mkono, watu wakimpigia miluzi. Ijumaa Bi Tatu akaugeuza tena, akaulalia yeye mwenyewe, akafumba macho. Kisha kikatoka kigelegele, nadhani kilisikika mpaka sokoni. Nikaoa nimevaa koti la kuazima, mikono yake inaishia karibu na viwiko, na hakuna bwana harusi aliyenishinda kwa furaha.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukimfanyia kitu umpendaye, anza na upande utakaomgusa yeye, wa kusifiwa na watu uje baadaye. Nimeshona mifarishi mingi tangu hapo, nusu ya watoto wa mtaa huu, wa Salehe wakiwemo, wamefunikwa na mkono wangu, na kila mfarishi naanzia nyuma.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na nyumba yenye vicheko. Na ukiuliza iligharimu kiasi gani, ile bafta, uzi, na soda za wale wanawake walionicheka: shilingi mia nne na kumi na saba, na senti hamsini.