Kiingereza cha Bandarini cha Mama Revo

Ernestina, ambaye mji mzima wa Rumonge unamwita Mama Revo, alianza kujifunza Kiingereza akiwa tayari ni bibi wa watu na magoti yanamsumbua. Majirani walicheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Sababu ilikuwa Beatrisi. Huyo ni binti wa mwanawe Revokatus, aliyetoka kambi ya wakimbizi Tanzania akapanda ndege kwenda Amerika, wakati Ernestina mwenyewe alichagua kurudi Burundi, kwenye michikichi ya baba yake kule Kigwena, si mbali na Rumonge. Mtoto alizaliwa huko huko Amerika, akakulia huko huko, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "bibi" na "asante". Sasa Revokatus alikuwa ametuma habari kwamba kiangazi hiki anamleta.

Ernestina alifurahi mpaka akaunguza maharage. Halafu akaingiwa na hofu. Kwao, bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenzake, humsingizia kwamba anamwibia mume, na mjukuu hujibu kwamba mume mwenyewe amezeeka, abaki naye tu. Bibi asiyetaniwa na mjukuu wake ana tofauti gani na mama wa jirani? Na utani haupiti kwa mkalimani. Kwenye simu Ernestina alikuwa akitania mpaka pumzi inamwishia, na Revokatus anamgeukia mtoto na kutafsiri yote kwa neno moja tu, la salamu. Hakuna aliyecheka upande wa pili. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Basi akamwendea Zubeir. Mzee huyu alikuwa baharia wa meli za mizigo ziendazo Mpulungu, mwisho wa ziwa, upande wa Zambia, ambako watu wa bandarini huongea Kiingereza. Siku hizi kazi yake ilikuwa kunywa chai na kusimulia mawimbi. Alikubali kufundisha papo hapo, tena kwa malipo ya chai hiyo hiyo.

"Mama Revo, ile maneno makubwa haiko nguvu," alimwambia. "Nguvu iko kwa hii midogo ya nyuma: up, down, on, off, in, out. Ukisema 'put' peke yake, umebaki umesimama na muzigo kwa kichwa, haujui unaweka wapi. Ukisema 'put down', muzigo iko chini. Ukisema 'put on', umeuvaa."

Ernestina alifikiri huku akichambua chikichi. "Kumbe ni kama sisi. Tunafunga, tunafungua. Tunaanika, tunaanua. Ila sisi kale kadude tumekashona mule ndani."

"Ndio vile! Wao wanakaacha inje."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa kwa neno "get", ambalo lilimkosesha raha. Likishika "up" limeamka, likishika "in" limeingia, likishika "off" limeshuka, likishika "out" limefukuzwa. "Hili neno halina kwao?" alilalamika. Zubeir akamshauri alizoee hivyo hivyo, kama watu wanavyomzoea shemeji mlevi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuliona, si mwalimu wala mwanafunzi. Zubeir alikiokota Kiingereza chake chini ya winchi inayonguruma, magunia yakining'inia juu ya vichwa vya watu. "Hiyo ya nyuma unaipigia kelele," alifundisha, "na mukono unaonyesha. Bila vile, mutu wa chini atasikia aje?" Ernestina akajifunza kelele na mkono pamoja na maneno, akidhani Waingereza wote ndivyo waongeavyo, hata kanisani.

Wageni wakafika na teksi kutoka Bujumbura. Beatrisi alishuka, mrefu, mwembamba, na haya zimemjaa usoni. Ernestina alikuwa amejiandaa. Alivuta pumzi, akanyoosha mkono.

"Come IN!" alinguruma. "Put DOWN! Sit DOWN!"

Mtoto aliingia, akatua begi, akaketi, yote kwa pamoja, macho yamemtoka.

"Mama," Revokatus akasema, "mbona unamgombeza mtoto?"

"Nani anamgombeza? Namkaribisha."

Siku zilizofuata zilikuwa za adabu tupu. Bibi akisema "get up", mtoto ameamka. Bibi akisema "hold on", mtoto ameganda na kikombe mkononi. Wageni waliokuja kusalimia walimsifu Beatrisi kwa utii wake, na Ernestina aliitikia "murakoze", asante ya Kirundi, huku moyo ukimshuka. Utii hata askari wa barabarani anaupata. Alimwomba Revokatus amwambie mtoto kwamba yeye ni mke mwenza na achunge sana. Revokatus akakuna kichwa, akasema kitu kifupi kwa Kiingereza. Beatrisi akatabasamu kwa heshima.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unampenda."

"Hilo si utani!" Ernestina alikasirika kweli, akaingia ndani kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alizihesabu siku zilizobaki, akaona mtoto atarudi alikotoka bila kumjua bibi yake, ila tu kwamba ni mwanamke mkali.

Juma lililofuata Revokatus alikwenda Bujumbura kushughulikia karatasi zake, na Ernestina akamchukua Beatrisi kwenda Kigwena kukamua mawese. Mashine ya kule ni pipa la chuma. Chikichi zilizochemshwa humiminwa ndani, mti mrefu umepitishwa juu, na watu huusukuma wakizunguka mpaka mafuta mekundu yaanze kutiririka chini. Haiendi kwa mtu mmoja. Wanawake husukuma pamoja, na lazima awepo wa kupiga kelele ili hatua zilingane.

Siku hiyo Ernestina alizipiga kwa Kiingereza. "Go ROUND! Push ON!" Wanawake wakaangua kicheko, lakini hatua zikalingana. Beatrisi, aliyekuwa ameushika mti kando yake, naye akacheka, kicheko cha wazi ambacho bibi yake alikuwa hajawahi kukisikia. Mafuta yakaanza kutoka. Jasho likawatoka wote.

Ndipo Ernestina akachoka. Na kwa kuwa hakutaka kukiri, alifanya ile hila yake ambayo kila mtu wa pale anaijua: alisimama, akajifungua kitenge na kuanza kukifunga upya polepole, kisha akakifungua tena. Wenzake wakaendelea kusukuma. Nani amguse Mama Revo?

Beatrisi alimtazama. Akaachia mti, akavuta pumzi, akanyoosha mkono.

"Bibi! Hurry UP!"

Ilikuwa sauti ile ile, na mkono ule ule. Mti ukasimama. Hapo hakuna mtoto anayemharakisha mkubwa, tena mbele za watu, na hata asiyejua Kiingereza alielewa. Beatrisi akaona nyuso, akajiziba mdomo, akaanza kuomba radhi kwa haraka haraka.

Ernestina hakuwa na Kiingereza cha kumwambia mtu kwamba hajakosea. Bandarini hakuna anayesema hivyo. Alipekua alichonacho, akatoa kilicho karibu, kile cha kumwambia mtu wa winchi aendelee.

"Go on," alisema. Hii hakuipigia kelele. "Go on."

Mtoto alisita. Akaitazama ile sura iliyokuwa inajizuia kucheka, akaelewa. Akajifunga kitenge kisichokuwepo, akakifungua, akakifunga tena, akahema huku ameshika magoti kama mtu mwenye miaka mia. Wanawake wakaachia mti ili wacheke vizuri. Ernestina alicheka mpaka akaketi chini kwenye makapi ya chikichi.

"Get UP, bibi!" Beatrisi alinguruma juu yake. "Get UP!"

Jovita, jirani yake wa Kigwena, alifuta machozi ya kicheko na kuinama. "Mama Revo, uyu mutoto iko anakutukana?"

"Ananitania," Ernestina alisema. Akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mjukuu wangu ananitania!"

Akampa mtoto mkono, akavutwa mpaka akasimama, wakaurudia mti pamoja.