Tangi Lililokosa Maji ya Kujengea

Niliporudi Newala na stashahada yangu ya ununuzi wa vifaa vya ujenzi, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa na karatasi kama ile. Nilijisomesha mwenyewe, mchana nauza mitumba Dar es Salaam, jioni niko darasani. Zilikuwa enzi za ruksa. Saruji, ambayo zamani ilitolewa kwa kibali, sasa ilikuwa inauzwa hata na muuza vitenge pale Masasi, na mtu anayejua kununua kwa kufikiri alihitajika sana.

Wafadhili walitaka kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la zahanati, katika kijiji kimoja upande wa Kitangari. Ndicho kijiji cha mama yangu. Wakanipa kazi ya kuandika masharti ya manunuzi, yasiyoharibu mazingira. Niliandika kurasa kumi na moja. Mbao ziwe na barua ya msitu zilikotoka. Mchanga usichimbwe kando ya barabara. Na kifungu cha tisa, ambacho mpaka leo naamini hakuna mtu ambaye angeweza kukiandika vizuri zaidi: maji ya ujenzi yasitoke kwenye maji wanayokunywa wananchi.

Wafadhili walinipa mkono. Fundi mkuu, mzee wa Kimakonde asiyependa haraka, alikisoma mara mbili.

"Bwana mkubwa," aliniuliza, "huku juu kuna maji gani ambayo watu hawanywi?"

Nilimjibu kwamba swali hilo ni la kitaalamu na nitalijibu kwa maandishi.

Mama alilisubiri tangi lile kuliko mtu yeyote. Goti lake lilikuwa limechoka kushuka bondeni kuteka maji na kupanda tena na ndoo kichwani. Dada yangu alikwisha kumwandalia chumba Masasi. Mama hakukitaka. Nyumba yake, mikorosho yake na kaburi la baba vilikuwa pale pale. "Mvua za mwaka huu zikipita bila tangi, nahama," aliniambia. "Sitaki, lakini nahama."

Korosho zilikuwa zinaanguka, mawingu yanakusanyika, na mifuko ya saruji imeanza kushika unyevu. Nilifikiria kutumia maji ya udhu yanayomwagwa msikitini. Imamu akanionyesha jinsi watu wa kwetu wanavyotawadha: maji waliyomwaga Ijumaa nzima yasingejaza birika.

Ndipo nikaagiza lori la mapipa ya maji kutoka Masasi. Lilipanda mlima nusu siku. Pipa moja lilinywewa na rejeta, mengine yalimwagika kwenye kona. Kabla dereva hajazima injini, kinamama walikuwa wamepanga ndoo. Niliwaeleza kwa upole kwamba haya ni maji ya ujenzi. Bibi mmoja akakinga kiganja, akaonja.

"Matamu kuliko yetu," akasema.

Wenzake nao wakaonja.

Fundi aliegemea koleo lake. "Kifungu cha tisa, bwana mkubwa. Wananchi wamekwisha kunywa."

Mimi ni mtu wa msimamo. Nikasimamisha kazi. Maji yakaisha kwa ndoo, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba niliwaletea zawadi. Sijawasahihisha.

Siku ya tatu asubuhi nilimwona mama anakuja kwenye eneo la ujenzi, anachechemea, ndoo kichwani, na msururu wa kinamama nyuma yake. Alikuwa ameshuka bondeni na goti lile lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maji haya mimi sinywi."

"Mama, hayo ni ya kisima cha bondeni."

"Nimeshasema sinywi. Na hawa hawanywi. Waulize."

Niliwauliza. "Hatunywi," wakajibu kwa pamoja. Mmoja alikuwa bado anajifuta midomo.

"Toka lini?" nikauliza.

"Toka asubuhi," mama akasema. "Mwanangu, andika. Goti linaniuma, sitasimama hapa kutwa."

Mtu mwenye elimu ndogo angebabaika. Mimi nilichukua karatasi safi, nikaandika kwamba wakazi waliotajwa hapa chini wanathibitisha kuwa maji haya si ya kunywa, nikapitisha kidau cha wino, kila mmoja akaweka dole gumba. Mama alikuwa wa kwanza. Fundi alikuwa ameanza kuchanganya zege kabla wino haujakauka. Kinamama waliteka kila asubuhi mpaka kazi ikaisha. Mama nilimkataza kushuka tena, akanitii kwa mara ya kwanza maishani.

Mvua ilipofika, lipu ilikuwa imekauka. Mama alikaa kwenye baraza la zahanati tangu asubuhi, anasikiliza maji yakishuka kwenye bomba kuingia tangini. Dada alipotoka Masasi kuja kumchukua, alimkuta hapo hapo.

"Kile chumba," mama akamwambia bila kugeuza kichwa, "kipangishe."